Ardhioevu si ya kulaumiwa kwa mafuriko ya Zhengzhou

Tangu Zhengzhou, China, ifurike Julai 20, 2021, anayependekeza mto uachiwe nafasi yake mjini hujibiwa kwa hoja ile ile: Zhengzhou nao ulikuwa "mji wa sifongo", wenye bustani na ardhioevu za kunyonya mvua, na bado watu 14 walikufa katika treni ya chini ya ardhi.

Hoja nzito. Lakini kuna tarakimu ambayo wanaoitoa huiruka: milimita 201.9. Ndiyo mvua iliyonyesha kwa saa moja tu, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, kwa hiyo kila hekta, iwe paa, lami au nyasi, ilimwagiwa zaidi ya tani 2,000 za maji ndani ya saa hiyo. Udongo gani utameza hayo? Na mabomba je? Mabomba ya mijini husanifiwa kwa mvua ndogo mno kuliko hiyo, nayo yalielemewa vilevile. Sijasikia mtu akisema basi tuache mabomba.

Bustani za mvua na ardhioevu hujengwa kwa mvua za kila msimu. Huko Bishan, Singapore, mfereji wa zege wa kilomita 2.7 ulivunjwa, na kufikia 2012 ukawa mto unaopindapinda wa kilomita 3.2. Siku kavu watu hutembea ukingoni. Mvua ikikolea, bustani yenyewe huwa njia ya maji, na mimea hupunguza kasi yake. Mfereji wa zamani ulijua jambo moja tu: kuwaharakishia maji walio chini.

Hata hivyo, wapinzani wana haki kuhusu matunzo. Tope na takataka zisipozolewa, bustani huziba ikawa dimbwi la mbu, na fedha za kuzindua hupatikana upesi kuliko za kupalilia. Zaidi ya hapo, kupanua mto penye nyumba ni kuhamisha watu, aghalabu maskini. Fidia yao ihesabiwe mapema, kama saruji inavyohesabiwa.

Copenhagen, iliyofurika Julai 2, 2011, haikuchagua upande: mpango wake wa 2012 unachanganya bustani za kukusanyia maji na mahandaki ya chini ya ardhi. Nami naona hivyo. Bustani ipewe mvua za kawaida, handaki lisubiri dhoruba, na ujira wa mpaliliaji uandikwe katika mkataba ule ule wa ujenzi.