Masafa ya siri si kufuli

"Hakuna anayejua masafa yetu ya redio." Kauli hii inaniudhi kila ninapoisikia kwa watu wanaojenga setilaiti ndogo. Masafa husajiliwa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Amri inapopanda kwenda kwenye setilaiti, mtu mwenye kipokezi kilomita chache kutoka antena yenu anaweza kuinasa.

Wengine hujitetea kwamba wamesimba kila kitu, yaani wamekigeuza msimbo usiosomeka bila ufunguo. Amri iliyosimbwa ikirekodiwa leo na kurushwa tena kesho, setilaiti itaifumbua vizuri na kuitekeleza, kwa sababu hakuna kilichoiambia kwamba imeshaisikia. Kinachohitajika ni muhuri, yaani alama inayokokotolewa kwa ufunguo wa siri kuthibitisha amri imetoka kwenu, na kaunta, namba inayopanda kwa kila amri ili setilaiti ikatae iliyokwisha kupita. Baiti 2 za kutaja ufunguo, 4 za kaunta, 16 za muhuri wa AES-CMAC (njia ya kawaida ya kukokotoa muhuri): jumla 22. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 18 hivi, katika dakika kama kumi ambazo setilaiti iko juu ya upeo wenu. Msiniambie ni ghali. Na wanaoogopa kanuni za redio ya ridhaa, zinazozuia kuficha maana ya ujumbe, wajue kwamba muhuri hauifichi amri, inabaki inasomeka.

Timu nyingi hukwama kwenye kaunta. Ikikaa RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, kompyuta ya setilaiti ikizima na kuwaka inarudi sifuri, na amri zote za zamani zinakuwa halali upya. Iwekeni FRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ambayo haichoki kuandikwa kama ile ya flashi. Tena iandikwe kabla ya amri kutekelezwa. Fikirieni amri ya kuwasha upya: kaunta ikisubiri kuandikwa baadaye, kompyuta inazima kabla haijaandikwa, na amri ileile inaweza kurudiwa usiku kucha hadi betri iishe. Telemetria, yaani taarifa ambazo setilaiti hutuma chini, nayo itaje kaunta ilipofika, ili kituo cha ardhini kisipotee.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba muhuri hauponyi kila kitu. Tarehe 24 Februari 2022, waliovamia mtandao wa KA-SAT, setilaiti ya intaneti, walipitia VPN (njia ya kuingia mtandaoni kutoka mbali) iliyosanidiwa vibaya, wakafika kwenye mtandao wa usimamizi, wakatuma amri halali, na makumi ya maelfu ya modemu za wateja zikafa. Setilaiti yenyewe haikuguswa. Muhuri huthibitisha ufunguo. Aliyeushika ni suala la ulinzi wa ardhini.

Ila ule mlango wa dharura usio na muhuri, unaoachwa "endapo funguo zitapotea", ufungeni. Pakieni seti ya pili ya funguo kabla ya kurusha, nakala yake ikae kwenye sefu, mbali na kompyuta za kituo.