Mwanafunzi wa hali ya hewa apewe kompyuta, na swali

Wahadhiri waliojifunza hali ya hewa kwa penseli, wanaosema kompyuta inamfanya mwanafunzi asielewe anachokichora, wana hoja. Mwanafunzi aliyechora kwa mkono mistari ya mgandamizo wa hewa, akafuta na kurudia mpaka ikubaliane na vipimo vya kila kituo cha hali ya hewa, anaifahamu ramani kuliko aliyebonyeza kitufe akaletewa rangi. Wapo wanaohitimu shahada ya kwanza wakiwa na ramani za kuvutia wasizoweza kuzisoma.

Lakini hapo lawama ni ya zoezi, si ya mashine. Mwanafunzi wa kemia hurudia jaribio lake kesho. Wa tabianchi hawezi kuirudisha mvua ya 1997. Maabara yake ni takwimu.

Chukua mvua za vuli. Tangu mafuriko ya 1997, wengi Afrika Mashariki huamini kwamba El Niño, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ikija, mafuriko yanafuata, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia darasani na imani hiyo hiyo. Mhadhiri akiwakanusha kwa maneno, wataandika kwenye daftari na kusahau. Sasa wape takwimu za mvua za CHIRPS, hazina ya vipimo vya mvua inayoanzia 1981 na kupatikana bure. Kwa programu fupi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kila mmoja akokotoe mvua ya Oktoba hadi Desemba, mwaka baada ya mwaka, ailinganishe na joto la Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1997 unachomoza kama alivyotarajia. Anafika 2015: Pasifiki ina joto kubwa kama la 1997, ila mvua haikaribii ile. Kisha 2019: Pasifiki iko karibu na kawaida, na mvua imefurika. Anakwama, na kukwama huko ndiko ninakokutetea, kwa sababu sasa atatafuta mwenyewe. Atafika Bahari ya Hindi na kukuta kwamba 1997 na 2019 maji ya upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida huku ya karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, yakiwa baridi. Mwaka 2015 tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Kwa chaki na kikokotoo, wastani peke yake ungemaliza muhula.

Umeme hukatika na kompyuta hazitoshi, kweli. Wawili au watatu wanaweza kutumia moja. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba CHIRPS huchanganya setilaiti na vipimo vya ardhini, hivyo penye vituo vichache inaweza kupotosha. Mwanafunzi ailinganishe na daftari la kituo cha jirani. Penseli ibaki muhula wa kwanza.

Na mtihani nao ubadilike: mtahiniwa apewe takwimu za mwaka asioambiwa ni upi, aeleze mvua yake ilitoka wapi.