Harusi Katika Ki ya Stima

Gitaa langu lilikuwa na nobu tatu, na kazi ya mbili kati ya hizo sikuwahi kuiona. Umbo lake ni lile la Stratocaster, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954 na kuigwa na viwanda visivyo na idadi: pikapu tatu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi), swichi moja, nobu ya sauti, na mbili za toni. Hizo za toni zilishajaa vumbi la Nairobi. Ukizigusa zinakwaruza mpaka mbwa wa jirani anaitikia. Swichi nayo ilizoea kukata sauti katikati ya wimbo. Na sisi tunaopiga benga kwenye harusi za Eastlands tunataka kitu kimoja tu, ile pikapu iliyo karibu na brija, pale nyuzi zinapofungwa, ilie kwa ukali wake wote. Toni ya nini?

Tena Eddie Van Halen, yule mpiga gitaa wa roki, alitikisa dunia na gitaa lenye nobu moja, ya sauti, ingawa juu yake kuliandikwa "Tone". Basi.

Nikashuka Luthuli Avenue kununua risasi ya kulehemu na poti mpya ya kiloomu 250, kile kifaa kinachokaa chini ya nobu. Fundi akaniuliza chuma changu cha kulehemu ni cha wati ngapi. Nikamwambia thelathini.

"Kwa waya kitatosha," akasema. "Kwa mgongo wa poti, utaomba Mungu."

Usiku wa Ijumaa nikafungua uso wa gitaa kwenye meza ya jikoni. Kubomoa kuna raha yake. Toni zikatoka, kapasita ikatoka, swichi niliing'oa kwa chuki ya siku nyingi. Ikabaki njia fupi ya pikapu, poti na jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa amplifaya. Kasoro kawaya kamoja kembamba kanakopenya tundu la ubao na kutokea nyuma, kwenye springi za brija. Kawaya haka hakabebi muziki. Kazi yake ni kuunganisha nyuzi na athi, yaani upande wa ardhi wa umeme, ili mwili wa mpigaji, ambao unazoa kelele za stima kutoka kila ukuta, utulie pindi anapozishika. Na mahali pake ni mgongoni mwa poti.

Mgongo wa poti ni bati linalokunywa moto wote unaoupeleka. Risasi ilijikunja kitone, ikateleza, ikadondoka mezani. Nikaiokota, nikarudia. Hatimaye ikashika. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, haing'ai, dalili kwamba haijashika vizuri, lakini saa ilikuwa saba usiku na harusi ni kesho. Nikajaribu kwenye amplifaya: sauti kali, safi, hakuna mkwaruzo.

"Na haya matundu mawili?" mke wangu akauliza.

Nikayaziba kwa vifuniko vya soda. Akarudi kulala bila neno.

Asubuhi, kondakta wa matatu alitaka kujua kama gitaa linalipa ama linapakatwa. Nikalipakata. Jogoo Road yote dereva hakuruka tuta hata moja, na mahali fulani kabla ya Donholm, kama tulivyokuja kugundua baadaye, kale kawaya kalishuka kwenye poti bila kuaga.

Kanisani nikachomeka, nikapandisha sauti. Mmmmmmmm.

Stima ya Kenya ni ya hezi 50, na hezi 50 ni noti ya G, ila imepanda juu yake kama theluthi ya nusu toni. Sisi tulifanya mazoezi kwa C. Lakini mwalimu wa kwaya ni mama wa solfa, masikio yake yalikuwa yakingoja do, na hiyo hapo do imekuja. Akainua mkono. Nilikimbiza nobu hadi sifuri, kelele ikakatika, lakini kwaya ilishaingia na bibi harusi alishavuka mlango.

Mpiga kinanda akatafuta. Akibonyeza G, wako juu yake. Akipanda nusu toni, wako chini yake. Akakunja mikono, akatazama dari. Mpiga besi akawa anakaza nyuzi huku anatembea na wimbo. Soprano, ambao do yao ilikuwa imehamia orofa ya juu, waliimba mishipa ya shingo ikihesabika.

Wimbo ulipoisha ndipo nikagundua kwamba nikishika kile kisahani cha chuma cha jeki, kelele inapungua. Shida ni kwamba gitaa linataka mikono yote miwili. Nikamwita mpwa wangu. Nikampanga nyuma yangu, kidole kimoja kwenye kisahani, mkono wa pili umenishika shingo. Kimya. Tukapiga nyimbo mbili hivyo, naye kavaa suti na tai ya kipepeo.

"Anko, kidole kimechoka."

"Badilisha kidole."

Mambo yakanyooka mpaka mchungaji aliposema tufumbe macho tuombe. Mpwa wangu ni mtoto aliyelelewa. Akafumba macho, akakutanisha viganja viwili kifuani.

Mmmmmmmm.

Mkono wa mwalimu ukapanda wenyewe. Kwaya ikasimama, macho yamefumbwa, ikaingia kwa sauti nne katikati ya maombi. Mchungaji akafungua jicho moja, akaona wamekolea, akasema haleluya. Maharusi hawakujua wapige magoti au wapige makofi. Ulipita ubeti mzima, na kiitikio juu yake.

Wakati wa kula mwalimu akanifuata na sahani yake ya pilau.

"Mwanangu, hicho kifaa chako cha kutoa do ni kizuri. Lakini kishushe kidogo. Soprano wangu ni watu wazima."

Nikamweleza kwamba kukishusha siwezi, maana noti hiyo wanaipanga watu wa stima, na ni hiyo hiyo Kenya nzima. Akatafuna, akafikiri, akaniuliza ofisi yao inafunguliwa saa ngapi Jumatatu.