Uso Kwanza: Ninavyozipima Sanamu za Black Panther Hapa Lubumbashi

Wakusanyaji wengi wa sanamu za mashujaa wa filamu huanza na boksi. Kona zimebonyea? Gundi imeguswa? Plastiki ya mbele ina mikwaruzo? Mimi boksi nalifungua. Sanamu iliyofungiwa haipimiki, na asiyepima anatunza katoni. Najua wenzetu wa Marekani na Japani wanasema boksi lisilofunguliwa hulinda bei, na huko kwao ni kweli. Hapa Lubumbashi mnunuzi anataka kushika kitu mkononi. Muuzaji wetu huikagua noti ya dola kona kwa kona, na akikuta imechanika hata kidogo, anairudisha. Basi na sanamu tuikague hivyohivyo.

Naanza na uso. Na kwa sanamu za Black Panther, filamu ya 2018 ya T'Challa, shujaa na mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, nakuwa mkali kuliko kwa sanamu nyingine yoyote, kwa sababu hapo ndipo viwanda vya vitu vya kuchezea vilipotakiwa kuonyesha kama vinajua kuipaka rangi ngozi nyeusi. Kwa miaka mingi shujaa mweusi alikuwa plastiki ya kahawia iliyomiminwa kwenye kalibu, ikawekewa macho mawili na mstari wa mdomo, basi. Nani kati yetu ana uso wa rangi moja? Paji la uso hung'aa, chini ya macho pana weusi wake, mdomo wa juu mara nyingi umekolea kuliko wa chini, na kiganja kina rangi tofauti kabisa na mgongo wa mkono. Sanamu isiyojua hayo haijamjua mtu inayedai kumwonyesha.

Siku hizi nyuso nyingi za sanamu za sentimita 15 huchapwa kwa mashine, kwa vidoti vidogo sana vilivyotokana na picha. Mchukue T'Challa asiye na kinyago, mpeleke dirishani asubuhi. Usimtazame chini ya taa ya umeme, taa hudanganya. Angalia ndevu za Chadwick Boseman, aliyemwigiza, zinavyokutana na shavu: zikififia taratibu mpaka ngozi ibaki peke yake, hiyo ni kazi nzuri. Kwenye zile feki zinazojaa sokoni, ndevu huishia ghafla, kama zimechorwa kwa kalamu ya wino. Kisha mgeuze pole pole upande wa robo tatu. Macho yasiyolingana hujificha ukimtazama mbele, lakini hapo yatajitokeza, jicho moja likikutazama wewe na jingine likitazama ukuta.

Halafu sahau rangi, utazame uchongaji wenyewe. Sisi watu wa Katanga tuna haki ya kudai hapa. Nenda makumbusho ya Lubumbashi, simama mbele ya kazi za Waluba: viti vinavyobebwa na mwanamke, chale za tumboni, nywele zilizosukwa nyuma ya kichwa, kope zilizoinama. Fundi yule alipata shavu na kope kwa kuchonga tu, kivuli kikafanya kazi iliyobaki. Ukishauona uso ule huwezi kukubali kisogo bapa au pua iliyobandikwa. Rangi mbaya naweza kuivumilia. Uchongaji mbaya siuvumilii.

Ndiyo maana nampenda Okoye, jenerali wa Wakanda, kuliko wote. Kichwa chake kimenyolewa, kina chale ya wino tu, hakuna nywele wala kofia ya kuficha udhaifu wa fundi. Pembeni ya sikio na kwenye taya ndipo utakapoona kama Danai Gurira, aliyemwigiza, yumo au hayumo. Mavazi ya filamu ile yalibuniwa na Ruth E. Carter, aliyepata Oscar mwaka 2019 kwa kazi hiyo, na mbuni wa sanamu lazima ayaheshimu: pete za shingo na mikono za Okoye ni za dhahabu kwa kuwa yeye ni jenerali, wenzake wa Dora Milaje, kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme, wanavaa za fedha. Sanamu ya Okoye yenye pete za fedha nairudisha. Shanga za kifuani ziwe zimeinuka, ukipitisha ukucha uzihisi. Mkuki ukiwa umepinda usihangaike: maji ya moto yasiyochemka, nusu dakika, unyooshe, kisha uutie maji baridi.

Jambo moja linaniudhi. Katika toleo la filamu hiyo la Marvel Legends, mfululizo wa sanamu za kampuni ya Hasbro, Okoye hakuwa na boksi lake. Viungo vyake viligawanywa kwenye maboksi ya wengine, wakiwemo mashujaa wasiokuwamo kwenye filamu hiyo kama Iron Man na Namor, ili ununue yote umuunge. Jenerali wa Wakanda alistahili kuuzwa mzima, kwa jina lake. Kwetu, ambako maboksi huja moja moja kwenye begi la ndugu aliyetoka Johannesburg au kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mtu anaweza kukaa na mguu na kiwiliwili bila kichwa.

Viungo ni rahisi kuvipima. T'Challa ni chui, lazima achuchumae, na lazima asimame kwa mguu mmoja juu ya meza tupu bila kigingi. Goti likikataa, usililazimishe, litie maji ya uvuguvugu. Likilegea, paka rangi ya kucha isiyo na rangi ndani ya kiungo, acha ikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Joto la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hulainisha vifundo vya miguu, kwa hiyo usimweke karibu na dirisha la magharibi. Vumbi jekundu la kiangazi linaingia kwenye mistari ya vazi, litoe kwa brashi laini kavu.

Vazi lenyewe sina mengi. Jeusi, mistari ya fedha ionekane, mkufu uwe na meno yake.

Wengi huwapanga T'Challa wao wakiwa wamevaa kinyago, kwa kuwa kinyago kinapendeza. Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, na kwangu tangu hapo uso ndio sanamu yenyewe. Toleo lenye kichwa cha kinyago pekee silinunui, hata likiuzwa nusu bei.