Walimu Wetu wa Mpira Tusiwangojee Hitima

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye hitima ya mwalimu mmoja wa mpira hapa Wete, Pemba. Baada ya dua, kahawa ilipoanza kuzunguka, ndimi zikafunguka. Huyu akasema marehemu ndiye aliyemnunulia njumu zake za mwanzo. Yule akasema marehemu alikwenda kwao mara tatu kumbembeleza baba yake amruhusu kucheza. Baharia mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alilia mbele za watu. Nami nikawa najiuliza: maneno mazuri yote haya tuliyaficha wapi miaka yote aliyokuwa akipita mbele ya baraza zetu na mfuko wa mipira begani?

Ubavuni mwangu alikaa mwalimu mwengine, sahibu yake wa tangu ujana. Jina lake silitaji, wa Wete wameshamjua. Alisikiliza kimya, akamaliza kikombe chake, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, saa kumi inapita. Watoto washafika kiwanjani." Akainuka, akaenda zake.

Huyu ndiye aliyenifundisha mimi mpira. Kiwanja chetu kina mwinamo, na mpira ukitoka upande wa bondeni unaufuata mpaka ndani ya migomba. Msimu wa karafuu ukifika nusu yake hutandikwa majamvi, na watoto wenyewe wanakuwa juu ya mikarafuu tangu alfajiri, usiku wanachambua na mama zao. Walimu wengine hufunga mazoezi mpaka msimu uishe. Yeye husogeza koni zake kwenye nusu iliyobaki, akafundisha hao watano sita waliokuja. Alikuwa akituambia mwenye kuzoea kucheza padogo hahangaiki akipewa papana, na hilo nimeliona kwa macho yangu kwa vijana waliotoka mkononi mwake. Hapokei mshahara. Filimbi kanunua mwenyewe.

Ana kaunta buku moja limechakaa, analifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu. Ndani yake kila mtoto aliyepita kwake ameandikwa: jina lake na la baba yake, mwaka wa kuzaliwa, skuli anayosoma, siku aliyokuja mara ya kwanza, na nafasi aliyoanza kucheza. Ukiondoka kwenda timu nyengine, anaandika tarehe na timu uliyokwenda. Kwa miaka mingi nilidhani ni mazoea yake tu ya kupenda mambo yawe sawa. Siku hizi naamini hakuna karatasi ya mpira iliyo na thamani kuliko ile katika mji huu.

Nasema hivyo kwa sababu hii. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hutengwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu aliotimiza miaka 12 mpaka ule aliotimiza 23. Maana yake hata timu ndogo ya kisiwani ina fungu lake. Lakini fungu halimfuati mtu kwa hisani. Linafuata usajili: timu iwe imesajiliwa, na jina la mtoto liwe kwenye kumbukumbu za chama kwa misimu ile aliyolelewa. Timu yetu ya mtaa haimo popote isipokuwa kwenye lile kaunta buku. Akija kutoka hapa mchezaji wa kuuzwa mbali, mwalimu aliyemfundisha kutuliza mpira kwa kifua ataisikia habari redioni kama sisi wengine.

Kushangilia tunajua. Wakubwa wetu bado wanaisimulia 1995, Zanzibar ilipolichukua Kombe la Chalenji, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda. Mwaka 2017, kwenye kombe hilo hilo kule Kenya, tuliwafunga Bara 2-1, tukawatoa Uganda nusu fainali, tukaja kushindwa fainali kwa penalti tu, na waliporudi tuliwapokea kama waliobeba kombe. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwetu Pemba, na nilikuwepo uwanja wa Gombani siku tulipowafunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Lakini sisi tuliokuwa jukwaani, mimi nikiwemo, hatukuuliza hata mara moja vijana wale walianzia kiwanja gani, na nani aliyewaambia mara ya kwanza wainue kichwa kabla ya kutoa pasi.

Kuna jambo jengine linaloniuma zaidi. Miaka kadhaa nyuma timu moja aliyoilea mwalimu wangu huyu tangu watoto ilipanda daraja. Huko juu kocha anatakiwa awe na leseni, naye hana, kwa sababu kozi ina ada na nauli ya boti na siku nyingi za kukaa Unguja bila ya kazi. Akaambiwa apishe. Alipisha, na kesho yake alikuwa kiwanjani na watoto wa miaka tisa. Siikatai leseni. Hemed Suleiman "Morocco", Mzanzibari mwenzetu, aliyeachiwa Taifa Stars katikati ya AFCON Januari 2024 na akaifikisha robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, ni ushahidi kwamba mwalimu wa visiwani akiwa na elimu na karatasi zake anaaminiwa na taifa zima. Ninachokikataa ni kumuacha mtu nje ya mlango ambao ufunguo wake unanunulika.

Basi mimi naona heshima ya mwalimu huyu ni sisi tuliopita mkononi mwake kuchanga ada ya kozi na nauli, na mtu wa kumshikia kazi yake akiwa hayupo. Ni kuisajili timu ya watoto kwa jina lake halali la mtaa. Ni kuyaandika majina ya walimu, walio hai na waliotangulia, kwenye ukuta wa kiwanja, kwa rangi nzuri, watoto wayasome wakifunga njumu. Na Mapinduzi ijayo wakicheza tena Gombani, waitwe katikati ya uwanja wakiwa wazima, wasimame juu ya zile nyasi bandia, wajukuu wao wawaone.

Nilipoyasema haya barazani, mzee mmoja alinijibu kuwa mwalimu anafanya kwa thawabu, tusimharibie kwa fedha. Namheshimu mzee wangu, lakini hapo sikukubaliana naye. Thawabu ni baina yake na Mola wake. Deni ni letu sisi.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwake na kompyuta ya kuazima. Tulikaa ukumbini, yeye anasoma, mimi naandika. Kila jina alikuwa na la kusema: huyu yuko Muscat, huyu ni daktari, huyu mguu wake wa kushoto, wallahi, sijauona tena. Tulifika ukurasa wa tisa ikaadhiniwa alasiri. Akalifunga daftari kwenye kanga yake, akachukua filimbi, akaniambia nirudi Jumanne, mapema, kabla watoto hawajafika.