Balozi Mpya Arusha: Karibu, Lakini Umekuja Kuzungumza na Nani?

Picha yenyewe tumeizoea. Balozi mteule anamkabidhi Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki bahasha yenye hati zake za utambulisho, bendera za nchi wanachama zimepangwa nyuma yao, kisha inatoka taarifa yenye maneno ya "kuimarisha ushirikiano" na "kufungua ukurasa mpya". Mitandaoni watu hugawanyika palepale. Wapo wanaoshangilia kwamba dunia inaitambua Jumuiya, na wapo wanaouliza safari hii tunaletewa masharti gani.

Nawaelewa wote. Ila pande zote mbili zinampa balozi uzito kuliko alionao.

Wanaoshangilia wana hoja, tena nzito. Makao makuu ya Jumuiya pale Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 2012, yalijengwa kwa fedha za Ujerumani. Japani ilifadhili daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tanzania na Rwanda. Vituo kama hivyo ni jambo la kuonekana kwa macho: zamani dereva wa lori alisimama upande wa nchi anayotoka, akapanga foleni, akagongewa mihuri, akavuka, akaanza upya upande wa pili. Sasa maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja na dereva anakaguliwa mara moja, upande wa nchi anayoingia. Mwenye mzigo wa ndizi au nyanya hahitaji kuelezwa maana ya saa chache zilizookolewa njiani. Balozi anayekuja na mradi wa namna hiyo akipewa chai na kupigwa picha, sioni ubaya.

Wanaotilia shaka nao hawajakosea. Anayelipia semina ndiye anayechagua mada, na taasisi ikizoea kuendeshwa kwa bajeti ya miradi hujikuta inafanya yale yenye mfadhili na kuyaweka kando yasiyo na mfadhili. Huko Addis Ababa, jengo la Umoja wa Afrika lililogharamiwa na China lilizua mjadala mwaka 2018, gazeti la Ufaransa la Le Monde lilipoandika kwamba data za umoja huo zilikuwa zikihamishiwa Shanghai usiku. China ilikanusha. Hata ukiamini kanusho hilo, swali la nani amekujengea nyumba na nani ana funguo linabaki.

Tatizo linaanza tukidhani kwamba nguvu hiyo yote inatoka kwa balozi. Tuangalie mambo yalivyokwenda.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuachana na uagizaji wa mitumba hatua kwa hatua ili kukuza viwanda vya nguo. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 Marekani ikaanza kupitia upya nafasi ya nchi husika katika mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwenye soko lake bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vingi vinavyoshona nguo za kuuza Marekani, ilijitoa mapema kwenye azimio hilo. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikabaki peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Azimio lilikuwa la pamoja, lakini lilipofika wakati wa kulilipia, kila mmoja alipiga hesabu zake nyumbani.

Kwa Umoja wa Ulaya ilikuwa vilevile. Mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi yalikamilika mwaka 2014, Jumuiya ikizungumza kama kambi moja na umoja huo. Kenya na Rwanda zikasaini mwaka 2016. Bunge la Tanzania likakataa mwaka huohuo, likihofia viwanda vya ndani. Hapa naomba Watanzania wenzangu tuwe waungwana: Kenya ilikuwa na sababu. Wakati huo ni yenyewe pekee katika kundi lile ambayo haikuwa kwenye orodha ya nchi maskini zaidi duniani, kwa hiyo bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru Ulaya, na kwa miezi michache ya mwaka 2014 yalitozwa kweli. Sisi tuliingiza bidhaa zetu bila ushuru kwa mlango mwingine, ule wa upendeleo kwa nchi maskini zaidi, hivyo kukataa hakukutugharimu kitu. Mwisho Kenya ikasaini mkataba wake yenyewe Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya balozi. Balozi wa Umoja wa Ulaya aliyepo Tanzania ndiye pia anayeuwakilisha umoja huo kwa Jumuiya. Anavaa kofia mbili, kama wenzake wengi. Amekabidhi hati Ikulu na amekabidhi hati Arusha. Akitaka jibu la haraka ataenda wapi? Katibu Mkuu hawezi kumwahidi kwa niaba ya nchi nane, kwa kuwa maamuzi makubwa ni ya wakuu wa nchi na hupitishwa kwa maafikiano. Balozi mwenye akili atazunguka nchi moja baada ya nyingine, na hapo simlaumu. Mlango tumeuacha wazi wenyewe.

Mfano unaonikera zaidi ni wa mwaka 2020. Ujerumani ilikuwa imeifadhili Jumuiya kupata maabara zinazotembea, na wakati wa korona zikapelekwa kuwapima madereva mipakani. Vifaa vilikuwepo. Bado mwezi Mei madereva walikwama Namanga, kwa kuwa Kenya na Tanzania zilibishana juu ya nani aamini cheti cha nani. Maabara unaweza kupewa na mfadhili. Kukubali cheti cha jirani kulihitaji mipango yetu wenyewe, na hatukuwa tumeipanga.

Kuna la pesa pia, na hapa wakosoaji wa wafadhili hunyamaza kidogo. Mkataba wa Jumuiya ulisema nchi wanachama zichangie bajeti kwa usawa, lakini malimbikizo ya michango yamekuwa wimbo wa kila mwaka, hadi vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vikawahi kuahirishwa kwa ukosefu wa fedha. Huwezi kumlaani mgeni kwa kukupangia ajenda ilhali ada ya chama chako hujalipa. Umoja wa Afrika angalau ulijaribu: mwaka 2016 pale Kigali ulikubali tozo ya asilimia 0.2 kwa baadhi ya bidhaa zinazoingia barani, ingawa utekelezaji umesuasua.

Kwa hiyo balozi mpya akifika, mimi ningempokea vizuri na kumpa mambo mawili kabla ya picha. La kwanza, orodha fupi ya miradi ambayo nchi zote nane zimeikubali na kila moja imeweka fedha yake, hata kama ni kidogo. Ile ambayo haijachangiwa na mwanachama yeyote isiwekwe mbele yake kabisa. La pili, makubaliano yote atakayosaini na Sekretarieti yawekwe hadharani kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, yakitaja nani atagharamia matengenezo mradi ukiisha. Mashine ya kukagulia mizigo ikiharibika mpakani miaka mitatu baadaye, balozi aliyeikabidhi atakuwa ameshahamishiwa nchi nyingine, na dereva atakuwa bado yuko kwenye foleni.