Ndiva si dimbwi la kunyweshea mbuzi

Mwandishi wa makala inayosifia mradi wa mabomba ameziita ndiva za Upare, mabwawa yetu ya kumwagilia mashamba katika milima ya Pare, Tanzania, "vibwawa vya mawe vilivyopitwa na wakati". Ama kweli, mgeni haoni! Ndiva haikujengwa ili kuweka akiba ya mwaka mzima. Inajaa usiku, inafunguliwa asubuhi. Maji ya mfereji ni kidogo. Ukiyaachia yatiririke hivyohivyo, ardhi inayanywa kabla hayajafika shamba la chini. Yakikusanywa usiku kucha yanatoka kwa nguvu, yanafika.

Marehemu babu alituamsha jogoo hajawika, tukamshikie kurunzi akizibua tundu la chini lililozibwa kwa gogo na matambara ya migomba. Ukipitisha zamu yako ya maji umeipitisha, mahindi yako yatasubiri. Na tope likijaa, unapigwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja: kila kaya na jembe lake. Asiyekuja analipa faini.

Nakubaliana naye jambo moja, kuta nyingi zinavuja. Basi zizibwe. Lakini huo mradi wa mabomba anaousifia, kwetu uliletwa mmoja, na koki zilikauka msimu wa pili. Ndiva bado tunaifungua kila asubuhi.